Ukuta wa Magodoro

Watu wa Minneapolis huvumilia baridi nusu ya mwaka bila kunung'unika, halafu jua likitoka wanakimbilia ziwani kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Hilo analijua yeyote aliyekaa pale mwaka mmoja tu. Sisi wageni tulilijua. Waliokuja mjini kuanzisha timu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani wa ndani, wenye suti zao na tabasamu zao za matangazo, ndio peke yao wasiolijua. Wakapanga msimu wao kiangazi, jioni za mwisho wa juma, chini ya paa, kwenye kipupwe cha mashine, wakakaa kungojea umati. Umati ulikuwa ziwani unachoma nyama.

Jina la timu silitaji. Simwogopi mtu, ila waliobaki na sababu ya kulikumbuka hawajazi hata meza moja ya chakula. Ilicheza msimu mmoja, katikati ya miaka ya tisini, ikafa. Niliuona msimu wote wa nyumbani, tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho, na sijui mtu mwingine mwenye akili timamu anayeweza kudai hivyo.

Mpira wao mkubwa, ule wa nje, sikuwahi kuupenda, lakini angalau una uwanja. Huu wa ndani ulichezwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, juu ya zulia la plastiki la kijani lililotandikwa juu ya mbao, nusu ya urefu wa uwanja wa kweli. Pembeni, mahali pa mstari, palikuwa na ukuta wa kufika kifuani uliovikwa magodoro, maana wanaume wazima walikuwa wakibamizana nao kila dakika. Kando ya magoli walitundika nyavu ndefu, ili mpira ukikosa goli udunde urudi mchezoni. Yaani hata kukosa walishindwa kukosa sawasawa.

Nilikwenda kwa sababu ya binamu yangu, mtoto wa mjomba. Yeye, mimi na Mkenya mmoja mwenye gari tulipanga fleti Burnsville, kusini mwa mji. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Binamu alikuja kwa bahati nasibu ya viza, akawa anapakia makasha kwenye ghala moja Shakopee. Lakini hakuja Marekani kwa ajili ya makasha. Alikuja na jambo lake, na jambo lenyewe linaanzia nyumbani.

Mjomba alikuwa kocha wa timu ya shamba la mkonge, upande wa Muheza. Kocha kweli kweli, wa filimbi shingoni na matusi mdomoni. Mwanawe alikuwa na mguu wa kushoto wa winga namba kumi na moja, ambao kila mtu aliuona isipokuwa baba yake. Alimsajili, akampa jezi, akamweka benchi. Miaka yote. Jezi ya binamu ilikuwa safi kuliko ya mwamuzi. Watu wakisema mbona humchezeshi mtoto, mjomba anajibu kwamba hataki kusikia habari za upendeleo. Siku moja binamu mwenyewe akamuuliza, mbele ya timu nzima, kwa nini hampangi. Mjomba akamtazama, akasema, "Wewe si mchezaji. Wewe ni mtoto wangu."

Maneno hayo binamu alivuka nayo bahari. Aliyasema usingizini, aliyasema akipiga pasi. Kwa hiyo alipoona tangazo kwamba timu mpya inafanya majaribio ya wazi, alikwenda. Katika mchezo ule kuna mtu ambaye kazi yake ni kupiga mpira upite juu kati ya milingoti miwili. Ukiudondosha kwanza chini ukadunda, ndipo ukaupiga, wanakuongezea pointi, na Wamarekani wengi hawawezi, maana ule mpira wao wenye umbo la yai unadunda unavyotaka. Binamu aliweza. Kocha wao, mtu mnene mwenye kutafuna bazoka mchana kutwa, alimwona akipiga mara kadhaa, akacheka, akamsajili awe mpigaji wa akiba. Yaani benchi, kama alivyozoea.

Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema wazi. Alitaka kanda ya video: jina lake linatangazwa, anaingia uwanjani kama mchezaji wa kulipwa, anapiga. Kanda hiyo ifike Muheza, mjomba akae aitazame. Kazi ya kamera alinipa mimi, niwe naiazima maktaba ya chuo. Basi nikageuka mpiga picha wa timu mbovu.

Na ilikuwa mbovu. Usiku wa kwanza walileta pikipiki ikanguruma juu ya zulia, wasichana wakarusha miguu, taa zikazimwa, fataki zikalia mpaka mtoto mmoja karibu yangu akajikojolea. Debe tupu haliachi kuvuma. Kisha ukaja ule mlango. Ulikuwa mfuko mkubwa wa mpira uliojazwa upepo, wenye umbo la kichwa cha mnyama aliyeachama, na moshi mweupe ukitoka kinywani. Mtangazaji anataja jina kwa sauti ya kutikisa viti, jina la duka la samani linalodhamini linafuata, na mchezaji anatoka mbio ndani ya moshi, mikono juu. Waliotajwa ni wale wanaoanza tu. Wa akiba waliingia kimya kwa kijia cha nyuma, kama wabeba maji.

Mechi ya kwanza watu walikuwa wengi, maana tiketi ziligawiwa bure kwenye vituo vya mafuta. Ya pili walipungua. Kufikia katikati ya msimu ungeweza kumsikia kocha akitafuna. Walifungwa na kila aliyekuja, kutoka miji ambayo hata Wamarekani wenyewe hawajui iko wapi. Watazamaji waliobaki walikula mahindi ya kukaanga wakipiga soga za boti zao. Walikuwa hawazomei hata kuzomea. Nimekulia viwanja ambavyo timu ikifungwa hivyo kocha anarudi nyumbani kwa miguu kupitia vichochoroni. Hawa walipiga makofi ya adabu, wakaenda kutafuta magari yao. Niliwadharau kwa hilo kuliko kwa yote.

Karibu na mwisho wa msimu, mpigaji wa kwanza alitoka kwenye moshi, akakanyaga vibaya, akateguka kifundo. Binamu akaambiwa kwamba mechi ya mwisho ya nyumbani ataanza yeye. Jina litatajwa. Alirudi Burnsville akatuamsha sote. Nilifurahi, nakiri, ingawa nilimwambia kuanza katika timu ile ni sawa na kuwa bwana harusi kwenye msiba.

Hapo ndipo kamati ilipoingia.

Msomaji aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa kamati ya ufundi. Ni wale watu wasiogusa mpira, lakini ndio wanaosema timu ilale wapi, ivae nini, iingie kwa lango lipi. Nilidhani jambo hilo tumeliacha nyumbani pamoja na mbu. Kumbe Watanzania wachache tu, katika mji wenye vyuo vikuu vyote vile, walikuwa wameunda kamati, na mwenyekiti wake alikuwa anasomea shahada ya uzamivu ya famasia. Mchana alikuwa maabara amevaa koti jeupe. Jioni ile alikuwa sebuleni kwetu, amevua viatu, mguu mmoja juu ya kochi.

"Ule mlango haupitiki," alisema. "Yule mzungu kaumia wapi? Mlangoni."

"Alinaswa na mshono wa zulia," nikasema. "Nimeuona kwa macho yangu."

"Mshono ulikuwepo tangu mwanzo wa msimu. Kwa nini umnase yeye, na siku ile?"

Swali hilo halikutosha kunifanya nikanunue ndimu za uganga. Yeye alikuwa amekuja nazo, ndani ya mfuko wa supamaketi.

"Na ule moshi unadhani wa nini?" aliendelea. "Wenzetu wanafukiza mchana kweupe, nyie mnapiga makofi. Mpira una wenyewe, ndugu yangu. Timu imefungwa nyumbani msimu mzima kwa sababu inapita pale. Akivunja mmoja tu, akaingia kwingine, kifungo kimekatika. Aruke ukuta wa upande wa kushoto, kinyumenyume, aanze na mguu wa kushoto, asigeuke."

Yule Mkenya alikuwa anakula, akaweka kijiko chini. "Wasee, mimi nita-drive tu. Hiyo maneno ingine msiniweke."

Nilimcheka mwenyekiti usoni. Nilimuuliza kama ndimu zake zimepimwa maabara. Kisha nikamgeukia binamu, nikamwambia kwamba amekaa benchi maisha yake yote akingoja atajwe, sasa anatajwa, na asithubutu kuikosa siku hiyo kwa ajili ya upuuzi wa mtu anayesomea vidonge. Nikamwambia mimi nitalenga kamera mlangoni, na apite mlangoni kama watu.

"Nimekusikia, binamu," akasema, akizigeuzageuza ndimu mkononi.

Kwetu mtu akikwambia amekusikia, amekusikia. Hajasema atafanya. Lakini nilikuwa nimekaa sana na wazungu, nikaenda kulala nimeridhika.

Siku ya mechi viti vilikuwa vitupu kuliko siku zote. Nje ilikuwa jioni ya kupendeza, na hata mimi nilitamani ziwa. Mwenyekiti wa kamati aliketi nyuma yangu na koti lake, amejaa umuhimu. Taa zikazimwa. Wasichana wakarusha miguu. Nikawasha kamera, nikaulenga ule mdomo wa mnyama, nikabana pumzi mkono usitikisike.

Wakataja mmoja, akatoka. Wakataja wa pili. Kisha mtangazaji akavuta pumzi, akataja jina la binamu, na Marekani jina linalonguruma ni la mwisho, yaani la baba. Alilipindapinda kidogo, lakini lilikuwa lenyewe, likazunguka ukumbi mzima na kurudi. Duka la samani likafuata. Moshi ukatoka. Hakutoka mtu.

Akalitaja tena. Moshi ukaendelea kutoka, mwingi, mweupe, na mlango mtupu. Mzee mmoja mbele yangu akacheka kwa pua. Mtangazaji akakohoa kwenye kipaza sauti, akataja wa nne. Niliposhusha kamera ndipo nilipomwona binamu: yuko ng'ambo ya uwanja, tayari ndani, amesimama karibu na ukuta wa magodoro, kofia kichwani, mgongo wima kama askari wa gwaride.

Nyuma yangu mwenyekiti akapumua kwa nguvu. "Kafanya," akasema.

Kocha hakumwona akiingia. Alichoona ni kwamba mchezaji wake ametajwa mara mbili mbele ya mdhamini, hakutokea. Alivuka zulia, akamshika jezi kifuani, akamfokea karibu sana na uso, na kutoka nilipokaa niliona mate. Binamu alijaribu kueleza. Sijui alikuwa anaeleza nini. Utamwelezaje mtu wa Minnesota, kwa Kiingereza cha ghalani, kwamba umeruka ukuta kwa faida yake? Kocha alisema, na hili binamu alitueleza baadaye, kwamba asiyetoka na wenzake hachezi na wenzake. Akamwonyesha benchi kwa kidole.

Kazi ya kupiga akapewa bwana mmoja mnene wa safu ya ulinzi. Huyo bwana alipiga mpira ukaingia nyavu za kulia. Akapiga mwingine ukaingia nyavu za kushoto. Mmoja ulikwenda kwa wasichana. Timu ikafungwa kwa pointi chache, chache kuliko zile alizokosa yeye, na watu wakapiga makofi ya adabu wakaenda zao. Binamu alisimama ukutani mpaka mwisho. Hakukaa benchi. Hilo tu ndilo alilogomea.

Niliwachukia wote mle ndani. Nilimchukia kocha na bazoka lake, na duka la samani, na wale waliocheka, na zaidi ya wote nilimchukia yule mtaalamu wa vidonge. Tulipanda gari la Mkenya kurudi. Tulipokaribia Burnsville, mwenyekiti alisema kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu, "Lakini hakuumia."

Mkenya alimtazama kwenye kioo. "Boss, ningekuwa wewe ningenyamaza mpaka state ingine, mpaka Iowa."

Binamu alishuka wa kwanza. "Kanda hiyo itupe," akaniambia, akaenda kuoga.

Timu ilikufa kabla majani hayajaanza kupukutika. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili halikuwa hata na wa kulipa dawa. Habari yake ilitoka gazetini, aya moja, karibu na tangazo la boti za mtumba. Binamu alikwenda ofisini kwao kuchukua viatu vyake, akakuta watu wanabeba viti. Hakuna aliyemjua. Alirudi ghalani kwenye makasha, na habari ya mpira haikutajwa tena ndani ya fleti ile.

Kanda sikuitupa. Si kwa hekima. Ilikuwa na nafasi, nami ni mtu wa kubana matumizi, kwa hiyo mwaka uliofuata nilirekodia mahafali yangu humo humo, baada ya mechi. Niliporudi nyumbani likizo niliibeba, ili mama anione nimevaa joho.

Ukoo ulikusanyika kwa jirani mwenye deki, ile ya kutoka Dubai inayosoma kanda za kila nchi. Picha ilikuja bila rangi, lakini ilikuja. Mjomba alikuwepo, amezeeka, mguu wake wa kisukari umewekwa juu ya kigoda. Alikuwa hajaniuliza lolote kuhusu mwanawe isipokuwa kama anakula. Nilikuwa na rimoti mkononi. Ule mdomo wa mnyama ukatokea kwenye televisheni.

"Nini hiyo?" mjomba akauliza.

"Mpira tu, mjomba. Nasogeza mbele."

"Acha."

Nikaacha. Ningefanyaje? Wakatoka wachezaji wawili. Kisha sauti ile ikanguruma jina lake, jina la mjomba mwenyewe, ndani ya sebule ya watu Muheza. Akakaa wima.

"Wamenitaja?"

"Wanamtaja mwanao. Kule wanaita kwa jina la baba."

Moshi ukatoka. Mlango mtupu. Jina likatajwa tena, mlango mtupu. Nilitazama sakafu. Nilijua atasema nini, nilikuwa nimeyasikia maneno yale kupitia ukuta wa chumba cha kulala miaka mingi.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akatazama. "Rudisha tena." Mara ya tatu alijiinua kwa fimbo, akasogea, akagusa kioo kwa kucha, pembeni kabisa, mahali ambapo moshi unaisha. Palikuwa na kipande cha ule ukuta wa magodoro. Juu yake, kwa sekunde chache tu, ulikuwa unateremka mguu. Kisha mgongo. Nilikuwa nimeshika kamera mimi mwenyewe na sikuwahi kuuona.

"Kushoto," mjomba akasema. "Kinyumenyume. Na hakugeuka. Nani kampanga hivyo?"

"Kamati, mjomba."

"Kamati? Hukohuko?"

Alicheka mpaka akahitaji kushikwa. Watoto nao wakacheka bila kujua wanachocheka. Aliporudi kitini alibaki anatazama ule mlango mtupu ambao nilikuwa nimeusimamisha kwenye kioo, na ule moshi wa kijivu.

"Anatajwa hivyo," akasema polepole. "Watu wote wanamngojea pale. Na yeye kauacha mlango, kapita ukutani, ili timu ishinde." Akafuta mdomo. "Ingekuwa mtu wa sifa angepita mlangoni. Huyu ni mchezaji. Mwambie ningempanga."

Kisha akasema tuendelee, anataka kuniona na joho. Muda wote nilikuwa nimeidharau ile dakika moja kuliko dakika nyingine yoyote ya msimu ule mchafu, na haikuwahi kunipitia akilini kwamba binamu alijua anachokiacha.

Niliporudi Burnsville nilimkuta anakula wali na maharage, amesimama, bado na jaketi la ghala. Nikamweleza habari ya kanda. Nikamwambia, baba yako kasema angekupanga.

Aliweka sahani juu ya jiko. Akaingia bafuni, akafungua maji, na maji yakatiririka muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kunawa. Alipotoka uso ulikuwa umelowa. Akaichukua sahani yake.

"Namba ngapi?" akauliza.

Mjomba hakutaja namba.

"Kumi na moja," nikamwambia.